Miaka Ishirini na Moja, Kisha Ndoa

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, katika kanisa la Wakongomani huko Makindye, Kampala, Bibiane Nabintu aliolewa na Mugisho Cirhuza, fundi cherehani ambaye alikuwa ameishi naye tangu mwaka 2004 na kuzaa naye watoto watatu. Jumatatu tarehe 3 Novemba mwaka huohuo alitoka nyumbani kwao Nsambya, na hajarudi.

Watu hao wawili waliishi pamoja miaka ishirini na moja bila ndoa, wakashindwa kutimiza miezi mitano ndani yake. Hesabu hiyo imekuwa mzaha kwenye vibanda vya nguo vya Mengo, ambako Bibiane anauza vitenge. Wanawake wa vibanda vya jirani humwita "bibi harusi" anapopita na ndoo ya maji, na yeye alikuwa akicheka nao, kwa sababu kutocheka kungekuwa kubaya zaidi.

Lakini tangu Krismasi hacheki tena. Binti yake wa kwanza, Exaucée, mwenye umri wa miaka ishirini, amemwarifu kwamba mwisho wa Januari anahamia chumba cha kijana aitwaye Tresor huko Kabalagala. Hakuna posa, hakuna wazee, hakuna kanisa. Bibiane anataka kumzuia, ila hajui atamzuia kwa maneno gani, yeye aliyeishi hivyohivyo kisha akaolewa na kuondoka.

Exaucée mwenyewe alimweleza jambo hilo waziwazi, wakiwa wamekaa juu ya kitanda katika chumba ambacho Bibiane amepanga nyuma ya ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka.

"Mama, weye na papa mulikaa miaka yote ile hamujaoana, mukapatana. Mukaoana, miezi tano, mukaachana. Sasa unataka mimi nianzie wapi?"

Bibiane alichukua kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa, akakikunjua, akakikunja tena.

Swali la Exaucée si geni. Wataalamu wa nchi za mbali wameliuliza kwa miaka mingi: je, wanaoishi pamoja kabla ya kuoana huachana zaidi? Hawajakubaliana. Wapo wanaosema ndiyo. Wapo wanaosema la muhimu ni umri ambao watu walianza kuishi pamoja, au kama walikuwa wamekwisha kuamua jambo kabla ya kuhamishiana masanduku. Hapa Kampala swali halina hata pa kuanzia, kwa sababu watu walioishi bila cheti wakiachana, hakuna ofisi inayoandika kwamba wameachana. Bibiane na Mugisho wangeachana mwaka 2015, wasingehesabiwa popote. Wameachana 2025, na sasa wao ni ndoa iliyovunjika.

Jinsi walivyoanza, kila mmoja anaieleza kwa namna yake, na hadi mwaka jana hakuna aliyejua kwamba mwenzake ana maelezo tofauti.

Mwaka 2004 Bibiane alikuwa na miaka kumi na tisa, akikaa na wazazi wake Nguba, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Askari walioasi walipouingia mji, nyumba yao iliporwa. Baba yake alikuwa amesafiri kwenda Walungu. Mama yake alikimbia na wadogo upande mmoja, Bibiane akakimbia upande mwingine, na mahali pekee alipopafahamu upande huo palikuwa Kadutu, nyumbani kwa fundi aliyewahi kumshonea mama yake gauni. Fundi huyo alikuwa Mugisho, kijana wa miaka ishirini na minne aliyeishi na mama yake mzazi. Walimfungulia mlango. Mugisho alihamia jikoni, akalala huko chini sakafuni, akamwachia Bibiane chumba.

Risasi zilinyamaza baada ya siku chache. Bibiane hakuondoka. Anasema asubuhi moja mama yake Mugisho alimkabidhi mwiko, akamwambia, "Pika weye, hii ni nyumba yako." Kwao msichana hapewi mwiko wa nyumba ya watu bure. Bibiane alielewa kwamba amekubaliwa kuwa mkwe, kwamba kijana amezungumza na mama yake, na kwamba habari za ng'ombe na wazee zitafuata nchi ikitulia.

Mugisho alipoulizwa juu ya mwiko huo alitikisa kichwa. Hakuukumbuka.

"Mama alikuwa anaumwa mkono," alisema hatimaye.

Hakuwahi kuzungumza na mama yake juu ya kuoa. Hakuwahi kuzungumza na Bibiane pia. Anaeleza sababu yake akiwa ameinamia cherehani, bila kumtazama anayemsikiliza.

"Msichana amekimbia risasi, yuko ndani ya nyumba yako, hana pa kwenda. Utamwambia nini? Nioe weye? Atakataaje? Ningekuwa mtu gani?"

Akangoja amani ije ndipo aulize. Ilipofika ile amani kidogo, Bibiane alikuwa na mimba ya Exaucée, na kumuuliza mwanamke mwenye mimba yako kama anakupenda kulionekana jambo la kipuuzi. Mwaka 2009 walivuka mpaka, wakaja Kampala, wakapanga vyumba viwili Nsambya. Watoto wawili wa kiume wakazaliwa. Majirani Waganda waliwaita Baba na Mama Exaucée, na kwa jirani hilo lilitosha.

Halikutosha kanisani. Kanisa lao lina utaratibu wake kwa watu wa namna hii, ambao huitwa "wanaokaa tu". Hawafukuzwi. Huimba, hutoa sadaka, huosha sakafu siku ya Jumamosi. Lakini hawashiriki meza ya Bwana, na mkate unapopitishwa hubaki wameketi kwenye mabenchi ya nyuma, mikono mapajani, kila mtu akijua ni kwa nini. Bibiane aliketi hivyo miaka kumi na sita. Watoto wake walipokuwa wadogo walimuuliza kwa nini yeye hapewi, naye aliwajibu kwamba hana njaa.

Mwaka jana Pasta Lwaboshi alitangaza ndoa ya pamoja kwa jozi tano. Bibiane alikuwa wa kwanza kusimama. Mugisho alisimama baada ya kuvutwa koti.

Sharti la kwanza lilikuwa kutengana. Wanaokaa tu hawatoki kitanda kimoja kwenda madhabahuni. Bibi harusi huondoka nyumbani na kukaa kwa mwanamke mwingine mpaka siku ya harusi, kama msichana anayetoka kwao. Bibiane alikaa majuma sita kwa Aloyo, mjane kutoka Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ambaye kibanda chake cha ufuta wa kusaga kinapakana na meza yake ya vitenge. Mugisho alimletea ndizi mara mbili, akaziacha mlangoni kama mchumba mwenye haya. Bibiane anasema yalikuwa majuma mazuri kuliko yote aliyowahi kukaa na mwanamume huyo.

Sharti la pili lilikuwa toba. Jumapili iliyotangulia harusi, jozi zote tano ziliitwa mbele, zikapiga magoti, watoto wao wakiwa wameketi safu ya kwanza. Pasta aliwauliza wanaume mmoja baada ya mwingine: ni nani kati yenu aliyemwingiza mwenzake katika maisha haya? Wa kwanza alisema, "Ni mimi." Wa pili akasema vivyo hivyo. Jibu lilikwisha kujulikana, na kanisa lilikuwa likiitikia "Amina" kabla mtu hajamaliza kusema.

Zamu ya Mugisho ilipofika alisema, "Huyu alijileta. Mimi nilimfungulia tu."

Baadhi ya watu walicheka. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa kicheko cha watu waliotazamia neno moja wakasikia jingine. Mwanamke aliyejileta, kwa watu wa Bukavu, ni mwanamke ambaye hakuna aliyemtaka vya kutosha kumfuata kwao. Bibiane alibaki amepiga magoti na macho yake yakakutana na ya Exaucée. Binti ndiye aliyetazama pembeni.

"Niliona aibu mpaka kwenye meno," anasema Bibiane. "Miaka yote nilijua niliitwa. Siku ile nikajua sikuitwa."

Aliolewa hata hivyo. Gauni lilikuwa limeazimwa, shangazi alikuwa njiani kutoka Bukavu, na wanawe walikuwa wameshanyolewa. Picha za siku hiyo zinaonyesha mwanamke anayetazama viatu vya mumewe. Jumapili iliyofuata alipewa mkate kwa mara ya kwanza. Anasema ulimkwama.

Mugisho anajitetea, lakini bila nguvu. "Pasta alisema tuseme kweli. Mimi nikasema kweli. Wale wengine walisema tu vile inapasa." Alipoulizwa kwa nini hakueleza habari za risasi, za kulala jikoni, za kuogopa kumuuliza, alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono mpaka sindano ikapanda na kushuka mara kadhaa. "Watu walikuwa wanangoja," alisema. "Neno likatoka fupi."

Neno hilo hawakulizungumza nyumbani. Bibiane alipika, akafua, akaenda Mengo, akarudi. Kisha, ile Jumatatu ya Novemba, mteja aliyekuja kupima suti katika chumba cha mbele, ambacho ndicho duka la Mugisho, alimtania fundi huyo kwamba mke mpya huyo asipoangaliwa atatoroka. Mugisho, akiwa na pini mdomoni, alimjibu, "Huyu? Kuja hakuitwa, kwenda atafukuzwa?" Mteja alicheka. Bibiane alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi. Alizima pasi, akamaliza kukunja suruali iliyokuwa mbele yake, akatoka na mkoba wake tu.

Pasta Lwaboshi, ambaye hakumfungisha mtu yeyote ndoa kwa nguvu na anapenda hilo lieleweke, ana maelezo yaliyo tayari. Nyumba isiyo na msingi, anasema, haianguki kwa sababu ya paa. Paa huonyesha tu kwamba msingi haukuwapo. Anatumia habari za Bibiane na Mugisho, bila kutaja majina, anapofundisha vijana. Vijana wote wanawajua. Alipoulizwa juu ya zile jozi nyingine nne zilizofungishwa ndoa siku hiyohiyo, ambazo nazo zilikuwa zikikaa tu, mojawapo kwa miaka kumi na saba, alikiri kwamba zote zingali pamoja.

Mugisho anaamini kinyume chake. "Tungekaa tu," anasema. "Ndoa ndiyo ilituuliza maswali."

Aloyo haamini lolote kati ya hayo. Yeye aliolewa na kila kitu: ng'ombe, ngoma, padri. "Na bado Kidega alienda na mwalimu ya nasari," husema, akipiga mwiko ukingoni mwa sufuria ya ufuta. Kidega ni marehemu mumewe; alifia kwa huyo mwalimu, na Aloyo ndiye aliyemzika.

Aloyo ndiye pia aliyemchokoza Bibiane mpaka akatoka kwenye meza yake. Ilikuwa katikati ya Januari, soko limelala, na Bibiane alikuwa amemsimulia kwa mara ya tatu jinsi Exaucée alivyomuuliza na yeye akakosa jibu.

"Nyabo, mama, mtoto iliuliza wewe hesabu, wewe iko kunja kitenge," Aloyo alisema. "Kama wewe hapana weza jibu yeye, enda uliza ule kijana."

"Mimi? Kwa mkwe?"

"Mkwe gani? Alileta hata kuku?"

Bibiane anasema hilo la kuku ndilo lililomwinua. Alimwachia Aloyo meza, akapanda pikipiki hadi Kabalagala.

Tresor ana miaka ishirini na minne, amezaliwa Uvira, na ananyoa nywele katika duka la kinyozi lenye viti viwili mkabala na baa ambayo mchana huwa imefungwa. Exaucée anasuka kwenye saluni ya mlango unaofuata, ndivyo walivyokutana. Bibiane hakuingia. Kwa malezi yake, mama haingii mahali alipo mwanamume atakayemwoa binti yake, wala hawatazamani usoni. Alisimama kizingitini, akatazama sakafu iliyojaa nywele, akazungumza kutoka hapo.

"Tresor."

Kijana alizima mashine. Kitini alikuwa Sadik, Mnubi mwendesha bodaboda, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Karibu, Mama," Tresor alisema, naye akainamisha uso.

"Sikuje kukaa. Exaucée anasema mwisho wa mwezi anakuja kwako. Mimi nauliza kitu kimoja. Anakuja, ama umemwita?"

"Mama, tulisikilizana."

"Mimi pia nilisikilizana na mtu. Nani alisema neno la kwanza?"

Tresor alimtazama Sadik kana kwamba angeweza kumsaidia. Sadik akamwambia, "Jibu mama, ndugu yangu. Kichwa yangu iko baridi upande moja."

"Ni mimi, Mama."

"Ulisema nini?"

"Nilisema aje tukae."

"Kama nani?"

Exaucée alikuwa ameisikia sauti ya mama yake kupitia ukuta wa mbao. Alitokea na kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyesukwa nusu, na nyuma ya mteja wasichana wengine wawili wa saluni. Bibiane aliwaona wote. Aibu ile ya Makindye ilimrudia, anasema, lakini safari hii alikuwa ameifuata mwenyewe kwa miguu yake, na hakutaka kurudi bila jibu.

"Mama! Unanifanyia hivi hapa?"

"Kama nani, Tresor?"

"Kama bibi yangu," Tresor alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kwa hiyo akarudia. "Nilimwambia wakubwa wangu watakuja kwanza kuwaona. Mjomba yangu iko hapa hapa, Luzira, anapakia mizigo Port Bell. Yeye ndiye alikataa."

Bibiane hakuelewa ni nani aliyekataa. Alidhani ni mjomba.

"Ni mimi," Exaucée alisema. Kitana kilikuwa kimemwelekea mama yake kama kisu. "Nilimwambia wasikuje. Nitawapeleka wapi? Kwa papa, Nsambya, wakute hakuna mama? Ama kwako, wakute hakuna papa? Watauliza. Kanisa yote inajua. Nikaona vizuri niende tu, nisisumbue mtu."

Sadik, ambaye alikuwa amegeuza kiti chote ili aone vizuri, alisema taratibu, "Haya, sasa imetoka."

Mteja wa Exaucée akarudi ndani. Bibiane alifika Kabalagala akiamini kwamba binti yake anayafuata maisha yake kwa kutojua. Sasa alijua kwamba binti alikuwa ameitwa, kwa maneno kamili, na mbele yake palikuwa na njia aliyoikosa mama yake. Aliiacha kwa sababu ya kuwaonea haya wazazi wake wawili.

Yeyote anayetaka kuyatumia maisha ya Bibiane kuthibitisha kwamba kuishi pamoja huvunja ndoa atalazimika pia kueleza habari hii: kwamba ndoa iliyovunjika ndiyo iliyokuwa ikimsukuma binti kwenda kuishi bila kuolewa. Bibiane hathibitishi chochote. Alimuuliza tu Exaucée, bado akiwa kizingitini, kama wazee wa Tresor wangekuja angetaka wamkute nani.

"Nyote wawili," Exaucée alisema. Alikuwa analia kwa hasira. "Siwaambii murudiane. Mukae tu saa moja."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Jioni hiyo Bibiane alikwenda Nsambya kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mugisho alikuwa anafunga duka. Walizungumza wamesimama, wanao wa kiume wakisikiliza kupitia dirishani. Alimweleza habari za Tresor, mjomba wa Luzira, na alichosema binti yao. Ndipo Mugisho akamweleza, kwa mara ya kwanza, kwa nini alilala jikoni mwaka 2004 na kwa nini hakuuliza.

"Ungeniuliza," Bibiane alimwambia, "ningekubali."

"Sasa najua."

"Sasa ni sasa."

Hakuingia ndani, wala Mugisho hakumwomba aingie. Kanisa limewaita mbele ya wazee mwezi Machi, na Bibiane amekwisha kumwarifu Pasta kwamba ataomba kuachana kuandikwe, kama ndoa ilivyoandikwa. Mugisho amesema hatabisha.

Jumamosi tarehe 31 Januari, Tresor na mjomba wake watakuja katika chumba cha nyuma ya ukuta wa Lubiri. Aloyo atapika. Mugisho amekubali kuja, na kukaa kiti chochote atakachoonyeshwa. Wageni wakiuliza kama yeye na Bibiane bado ni mume na mke, wataambiwa hapana, na Bibiane ndiye atakayesema. Wakishasikia hilo na wakabaki wameketi, Exaucée ataulizwa mbele yao kama anamtaka Tresor, na atajibu.